Mrija wa Baba Yake Melkiadi

Kwa muda mrefu nilidhani Melkiadi hana mama.

Alikuwa amepanga chumba cha nyuma kwenye nyumba ya Naseeb, pale Majengo, na mimi nilikuwa natengeneza baiskeli barazani, mbele ya duka la vipuri la Naseeb huyohuyo. Watu wawili wakikaa baraza moja kwa miaka, hujuana mambo mengi bila kuulizana. Nilijua anapenda ugali wa muhogo uliopoa. Nilijua hawezi kulala kabla hajafuta mnyororo wa baiskeli yake. Lakini habari ya mama yake sikuijua mpaka siku moja alipofika kijana wa bodaboda na mfuko wa unga uliofungwa kwa kamba ya mgomba.

"Nani Melkiadi hapa? Mama yako amesema unga huu ni wa nyumbani. Amesema tena nyumbani bado ni palepale."

Melkiadi aliupokea ule mfuko, akaupima mkononi, akaingia nao ndani. Mimi si mtu wa kuuliza.

Kazi yake ilikuwa kuleta maharage na karanga mjini kwa baiskeli. Alitoka alfajiri na barabara ya Kasekese, akanunua kwa wakulima, akarudi na magunia mawili nyuma na kifurushi kwenye usukani. Ukimwona kwa mbali barabarani huoni mtu, unaona mzigo unaotembea. Kwao walikuwa watu wa asili ya Burundi, wazazi wake waliingia nchini wakiwa wadogo, wakakulia kambini, na walipopewa uraia wakahamia Kasekese kulima. Yeye alizaliwa hapahapa. Kirundi anakisema na mama yake tu, na mama yake huyo alikuwa haendi kumwona.

Zaidi ya mzigo, Melkiadi alikuwa mkimbiaji wa baiskeli. Kila mwaka sikukuu ya Nane Nane huwa kuna mbio, zinaanzia uwanjani, zinatoka nje ya mji na kurudi. Si baiskeli zile nyembamba za kwenye televisheni. Ni baiskeli zetu hizihizi za mzigo, unafungua keria, unafungua madigadi, unakaza spoku, basi. Mimi ndiye niliyekuwa namkazia. Zamani alishinda mara kadhaa. Watu wazima wa Majengo bado wanamwita Bingwa, na yeye akiitwa hivyo huinamisha kichwa kana kwamba ametukanwa.

Siku niliyojua habari yote, nilikuwa nimefuatana naye Kasekese kutazama frimu kuukuu niliyoambiwa inauzwa. Tulikuwa tunarudi, mzigo umekaa vizuri, jua limeanza kulegea. Kabla ya kumaliza mashamba ya muhogo kuna kinjia kinachoingia mkono wa kushoto. Hapo pembeni alikuwa amekaa mama mmoja mzee juu ya jiwe, kitenge kimefunika magoti, macho yake yamefanya ukungu. Alisikia matairi kabla ya kutuona.

"Melki?"

Melkiadi alishuka. Akaiegemeza baiskeli kwenye paja kwa sababu mzigo haukuruhusu kuilaza.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwana wanje." Kirundi hicho, yaani mwanangu. "Uko na nani?"

"Niko na fundi. Wa kule ninakokaa."

Nikamwamkia. Akanishika mkono akaushikilia muda mrefu, vidole vyake vikipapasa makovu ya gundi na nyundo. "Huyu anafanya kazi," akasema. Kisha akamgeukia mwanawe. "Nyumbani ni hapo. Moshi ule ni wangu. Maharage yamekwisha kuiva."

"Nitakuja mama."

"Lini?"

"Nane Nane imekaribia. Nikishinda nakuja siku hiyohiyo."

"Na usiposhinda?"

Melkiadi akaanza kurekebisha kamba ya mzigo iliyokuwa haina kosa lolote.

"Mimi macho yananiacha," mama akasema, bila hasira. "Mwaka kesho nitakujua kwa sauti tu, na wewe mwenyewe sauti hutoi. Mwaka huu uje, umeshinda, umeshindwa, umeanguka mtaroni, uje. Nitaweka mtungi. Nitaweka mrija wako. Umesikia?"

"Nimesikia mama."

"Kusikia unasikia. Haya, nendeni, giza lisiwakute."

Tuliendesha mpaka tukavuka daraja. Hapo akaanza kusema mwenyewe, akiwa mbele yangu, hivyo nilisikia maneno bila kuona uso. Labda ndiyo maana aliweza.

Alisema kwamba kwao mtu akirudi kutoka safari, au akiwa amefanya jambo, wazee huweka mtungi wa pombe ya mtama katikati, kila mmoja anaingiza mrija wake. Kijana haketi hapo mpaka aitwe. Mwaka aliposhinda mara ya kwanza, baba yake, mzee Aristide, alimkatia mrija mpya mbele ya watu wote akamwambia, "Leo kaa na sisi." Melkiadi alisema hajawahi kunywa kitu kitamu namna ile, ingawa pombe yenyewe ilikuwa chungu.

Mwaka uliofuata alishindwa. Mnyororo ulikatika, akafika wa mwisho akiisukuma baiskeli. Akarudi nyumbani jioni, akakuta mtungi umewekwa na wazee wamekaa. Akasalimia. Akakaa mahali pake, kando ya baba yake. Baba akamtazama, akachomoa mrija wake kwenye mtungi, akainuka na kigoda chake akaenda kukaa peke yake chini ya upenu wa nyumba.

"Unaelewa maana yake, fundi?"

"Sielewi."

"Kwetu ukichomoa mrija mtu anapokaa, umesema huyu sinywi naye. Haijalishi ni nani. Adui wanafanyiana hivyo."

"Ulimuuliza?"

"Baba unamuulizaje?"

Hakurudi nyumbani tena mpaka masika, alipoitwa kuzika. Mzee alikufa kwa kifua. Toka hapo Melkiadi akajiwekea sheria: kwao anaingia akiwa ameshinda tu. Akashinda, akaenda. Akashinda tena, akaenda. Halafu miguu ikaanza kuzeeka na vijana wakazidi, na sheria ikabaki palepale. Miaka ikapita akipita kwenye kile kinjia kila wiki, mzigo ukielekea mjini.

Mwezi wa saba akaja barazani dada mmoja anaitwa Ummy. Anasoma chuo, mambo ya michezo, na alikuwa amefikia kwa mama yake mdogo Makanyagio. Alitaka kuzungumza na wakimbiaji wa baiskeli, na kila aliyemuuliza alimwelekeza kwa Naseeb, kwa sababu wote wanakaza spoku hapo. Alisema anapima mawazo ya wanamichezo, yale mawazo yasiyo na msingi yanayomkaba mtu kuhusu kushinda na kushindwa. Atawapima kabla ya mbio na atawapima tena baada ya mbio.

"Mawazo yanapimwa na mzani gani?" Naseeb akauliza toka ndani ya duka.

"Na hivi, baba." Akamwaga vizibo vya soda juu ya benchi langu. "Nitasoma sentensi. Ukiikataa kabisa, unaweka kizibo kimoja. Ukiikubali kabisa, unaweka vitano. Katikati unaweka unavyoona."

Walikuwepo kama kumi, wamekaa kwenye ukingo wa baraza, miguu kwenye vumbi. Dulla alikuwa wa kwanza. Dulla ni kijana wa hapo Majengo, mwana wa Mwanaiddi muuza vitumbua, mdomo wake haujawahi kupata likizo.

"Ni lazima nishinde kila shindano," Ummy akasoma.

Dulla akaweka vitano kwa kishindo, pa!

"Nikishindwa, mimi si mtu wa maana."

Pa! Vitano.

"Siwezi kabisa kuvumilia kushindwa."

"Dada, hapo ongeza vizibo, vitano havitoshi."

Wenzake wakacheka. Lakini alipofuata wa pili naye akaweka vitano, na wa tatu vitano, na wote mpaka mwisho vitano vitano, kila sentensi. Ummy akaanza kukuna kichwa kwa kalamu. Hakujua alichojua kila mtu pale barazani. Asubuhi ile ilikuwa imevuma kwamba dada wa chuo amekuja kuchagua watakaokwenda kuuwakilisha mkoa mbioni Dodoma, na kwamba atakayesema anaweza kuvumilia kushindwa atakatwa jina. Nani aweke kizibo kimoja, aonekane legelege?

Melkiadi alikuwa wa mwisho. Yeye uvumi ule hakuusikia, alikuwa ametoka njiani muda huohuo, shati limegandamana mgongoni. Alisikiliza kila sentensi mpaka mwisho, akafikiri, akaweka vitano. Hakupiga kishindo. Aliviweka kimoja kimoja, kama mtu anayelipa faini.

"Bingwa naye anataka Dodoma!" Dulla akapiga kelele. "Mzee, waachie watoto!"

Hapo ndipo Ummy aliposikia neno Dodoma, akauliza, akaambiwa. Kwanza alifunika uso kwa mikono. Tulidhani analia, kumbe anacheka.

"Jamani kaka zangu. Mimi simpeleki mtu popote. Hata nauli yangu ya kurudi Tabora nimekopeshwa na mama mdogo."

Kukawa na manung'uniko. Mmoja akataka vizibo vyake virudiwe. Mwingine akasema kumbe amepotezewa muda bure, akaondoka. Ummy akakaa, akavikusanya vizibo polepole, akivipanga mstari, akivivuruga, akivipanga. Mwishowe akasema, "Basi tufanye hivi. Simuulizi mtu habari zake. Kila mmoja namuuliza habari za mwenzake."

Akaanza na Dulla. Yule mwenzake wa Nsemulwa akishindwa, je, si mtu wa maana? Dulla akaangalia vizibo kama vinauma. "Huyu? Huyu kushindwa ndiyo desturi yake, lakini mtu ni mtu, juzi kanisaidia kumzika babu." Kizibo kimoja. Na wengine hivyohivyo. Mwenzako akishindwa ni lazima dunia imwishie? Aa, imwishie kwa lipi. Baraza nzima ikageuka vicheko, wanasemana, wanateteana, vizibo kimoja kimoja. Ummy anaandika haraka, uso umefunguka.

Akafika kwa Melkiadi.

"Kaka Melkiadi. Dulla akishindwa Nane Nane, yeye si mtu wa maana?"

"Huyu?" Melkiadi akatabasamu kidogo. Akaweka kizibo kimoja.

"Dulla akishindwa, watu wa kwao watakuwa na haki ya kumkataa?"

"Wamkatae kwa sababu gani? Kijana wa watu."

"Kwa hiyo akishindwa aende wapi?"

"Si aende kwao akale. Mama yake yupo hapo, anamsubiri na—"

Mkono wake ulikuwa bado juu ya kile kizibo. Wenzake hawakuona kitu, Dulla alikuwa anapiga kelele kwamba kwao Ijumaa ni pilau na mtu yeyote asije. Lakini Ummy aliona, na mimi niliona.

"Sasa nikikuuliza wewe mwenyewe tena?" Ummy akasema kwa sauti ndogo.

Melkiadi akavichukua vizibo, akavifumbata kwenye kiganja. Alivishika muda mrefu. Nilikuwa na tyubu mkononi, nimeipaka gundi, ikaanza kukauka na sikuigusa.

"Hilo sasa ni lingine, dada," akasema.

"Sawa, kaka. Tuache."

Alivirudisha benchi, akaenda chumbani kwake. Ummy akaniuliza mimi kama amemkosea. Nikamwambia sijui. Nilijua, lakini maneno yalikuwa ya mtu mwingine.

Wiki zilizobaki Melkiadi alijifua kama kichaa. Akirudi na mzigo alikuwa anatoka tena bila mzigo, mpaka barabara ya uwanja wa ndege na kurudi. Chakula akala nusu. Nilimkazia spoku, nikambadilishia mpira wa breki, nikamwekea mnyororo mpya, kwa sababu ule uliokatika zamani haukutoka kichwani mwangu. Siku ya kuamkia mbio alinyoa ndevu. Akatandika kwenye kitanda shati jeupe, lile la kwenda nalo kwa mama.

Siku ya Nane Nane vumbi lilikuwa jekundu, na upepo ulikuwa ule wa mwezi wa nane unaopanda na kushuka. Sikwenda uwanjani. Sipendi umati. Nilikaa barazani nikisikiliza kipaza sauti kikija na kupotea na upepo, nikisikia majina nusu nusu. Walipopita barabara yetu wakitoka, Melkiadi alikuwa kundi la mbele, mgongo umenyooka, hatazami pembeni. Nikasimama bila kujua nimesimama.

Waliporudi, mbele alikuwa kijana mmoja wa Usevya, mrefu, mwepesi, anaendesha kana kwamba hajaambiwa kuwa ni mbio. Nyuma yake wawili. Nyuma yao kundi. Melkiadi alikuwa nyuma ya kundi hilo. Hakuanguka, mnyororo haukukatika, spoku zote zilikuwa sawa. Alizidiwa tu. Ingekuwa mnyororo umekatika, ingekuwa afadhali.

Alasiri alikuja akaikalisha baiskeli kwa stendi, akakaa kwenye kigoda chake, kile cha karibu na pampu. Uso umekauka chumvi. Nikampa maji. Naseeb akatoka, akasema, "Pole Bingwa, Mungu yupo," akarudi ndani kuhudumia mteja.

Punde akapita Dulla, baiskeli yake tairi la mbele limelala, anaisukuma huku anaimba.

"Fundi, hii nitaileta kesho. Bingwa, umeniona nilivyowafukuza?"

"Umekuwa wa ngapi?" nikamuuliza.

"Hata hawajanihesabu! Nilipofika walikuwa wanakunja turubai." Akacheka mwenyewe. "Nawahi kwa mama. Nikichelewa wadogo zangu wanamaliza nyama. Njooni basi."

"Nenda tu," Melkiadi akasema.

Akamtazama mpaka akakata kona. Tukasikia sauti ya Mwanaiddi ikimpokea, hiyo nyumba haiko mbali, "We mwehu, umeoga vumbi? Usiniguse! Kaa hapo ule!" na vicheko vya watoto.

Melkiadi alikaa na kikombe cha maji mpaka kivuli cha duka kikavuka barabara. Nilitaka kumwambia aende. Nilipanga maneno: mama amesema ushinde ushindwe. Nilikuwa nayo mdomoni. Lakini mimi na maneno hatujawahi kupatana, na kila nilipotaka kuanza alikuja mtu na tyubu. Akainuka, akaingia ndani. Kesho yake akashinda chumbani, mlango umefungwa. Shati jeupe nililiona kupitia dirishani, limetandikwa palepale.

Siku ya tatu akatoka na baiskeli, magunia matupu yamekunjwa nyuma.

"Unaenda kuchukua maharage?"

"Naenda kuchukua maharage."

Alikuwa amevaa lile shati jeupe.

Yaliyofuata sikuyaona. Alinisimulia mwenyewe siku aliyokuja kuchukua vitu vyake, tukiwa tunafunga godoro kwa kamba, mikono ina kazi na macho yana pa kutazama.

Alisema alifika kwenye kinjia akashuka. Jiwe lilikuwa tupu. Alisimama hapo mpaka mama mmoja aliyebeba kuni akamuuliza kama amepotea. Akasema hapana, akaingia.

Uani hakukuwa na mtu. Mikeka ilikuwa imekunjwa, mirija imefungwa pamoja na kuegemezwa ukutani. Majirani walikuja siku ya Nane Nane, wakanywa, wakangoja, wakaondoka. Mama yake, Gaudensia, alitokea mlangoni ameshika ukuta.

"Ni nani?"

"Ni mimi mama. Nimeshindwa."

"Nilijua. Ungeshinda, wangekuwa wamepita vijana wanapiga miluzi." Akaingia ndani, akatoka na kamtungi kadogo, amekakumbatia. "Nilikubakishia. Imechacha, lakini nilikubakishia."

Akaingiza mrija mmoja, akapapasa, akaingiza wa pili. Wakakaa. Melkiadi hakunywa. Alisema hakuweza kuinama, shingo ilikuwa kama imetiwa mti. Mama yake akauliza, "Nini tena?" Na hapo akasema kitu ambacho hakuwahi kumwambia. Akasema mama, mimi baba alichomoa mrija nilipokaa.

Mama akauliza, "Siku ipi?"

"Siku ile mnyororo ulipokatika."

"Hiyo ndiyo siku aliyotoka zahanati," mama akasema.

Akamweleza. Asubuhi ile mzee Aristide aliambiwa ana kifua kikuu. Akapewa dawa, akaambiwa mpaka zianze kufanya kazi asikae karibu na watu, asichangie vyombo. Mzee akaona aibu. Watu wangesema nini? Nani angekuja tena nyumbani kwake? Akakaa mtungini na mrija wake kama kawaida, asinyonye, ili wasimuulize. Amejitenga kidogo, ameacha nafasi kila upande. Wazee hawakuona. Halafu mwanawe akaja na kukaa kwenye ile nafasi.

"Usiku aliniambia, mtoto alikaa begani kwangu kabisa. Akasema, yule kifua chake ndiyo baiskeli yake, nisije nikamharibia. Ndiyo maana akahama. Alidhani utamfuata umuulize, akuambie pembeni. Alikaa kule chini ya upenu akikungoja. Wewe ukachukua baiskeli ukaenda."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tungekuambia nini? Sisi tulijua umekwenda kwa hasira za mbio. Na siku ya kumzika hukuzungumza na mtu."

Melkiadi alipofika hapo katika kusimulia aliacha kufunga kamba. Akasema alimuuliza mama mrija wa baba uko wapi, kama upo aushike tu. Mama akasema aliuchoma pamoja na mkeka wake, ndivyo walivyoambiwa wafanye.

"Ukanywa?" nikamuuliza, mimi nisiye mtu wa kuuliza.

"Nikanywa. Imechacha kweli."

Tukamaliza kufunga godoro. Alihamia kwa mama yake. Maharage anayaleta bado, ila sasa barabara ameigeuza: analala Kasekese, anafika mjini mchana, anauza, anarudi.

Ummy alikuja kupima mara ya pili kama alivyosema, na mfuko wake wa vizibo. Aliwapata karibu wote. Dulla aliweka vizibo viwili viwili, akasema yeye ni mtu wa wastani. Melkiadi hakuwepo.

"Ningependa sana kujua yeye ataweka vingapi," Ummy akasema.

"Amehamia kwa mama yake."

Akanitazama, akatazama kigoda karibu na pampu. Hakuandika kitu. Alivifunga vizibo, akaniaga kwa adabu, akarudi chuoni kwake.

Chumba cha nyuma Naseeb ameweka magunia ya tairi kuukuu. Melkiadi akipita mjini husimama kidogo, mguu mmoja chini na mwingine kwenye pedeli, anakunywa maji yangu akiwa juu ya baiskeli. Mbio hajasema kama ataendesha tena, na mimi sijauliza. Kila mara kabla ya kuondoka anasema, "Fundi, siku moja uje basi. Mama anakuulizia, anasema yule mwenye mikono. Na wewe tutakukatia mrija."

"Nitakuja," ninamwambia.

Ananitazama kidogo, kama anayetaka kusema jambo. Halafu anakanyaga pedeli, anaondoka, na mimi narudi kwenye tyubu yangu.